Kinachoingia na Kinachofaa

Lugha yetu wakati mwingine huwa bahili wa maneno. Tazama neno kiungo. Goti ni kiungo. Binzari ni kiungo. Mchezaji wa katikati ya uwanja, anayepokea mpira kwa mabeki na kuupeleka kwa washambuliaji, naye ni kiungo. Na kile kijidude cheupe cha plastiki, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachoshika nyaya za kifaa cha kupimia joto na kuzipeleka kwenye bodi, hicho nacho kwa Kiswahili ni kiungo, ingawa mafundi wa Kariakoo watakwambia konekta na hakuna atakayegombana nao.

Ndugu msomaji, nakuomba usiufunue ukurasa huu haraka ukidhani umepotea na kuingia katika gazeti la mafundi redio. Swali langu ni la maadili, nalo ni hili: je, kitu kikiingia mahali, inatosha kusema kwamba kinafaa mahali hapo? Na kama hakikufaa, na madhara yakatokea, wa kulaumiwa ni nani? Aliyekitengeneza, aliyekiuza, aliyekipachika, au yule aliyekipa jina?

Siku hizi vijana wengi wa mjini wana mchezo wa kuunda vitu vidogo vya elektroniki. Mmoja anataka kujua udongo wa mchicha wake umekauka kiasi gani, mwingine anataka taa iwake mtu akipita. Kwa kazi hiyo wanatumia sensa, yaani vidude vya kuhisi joto, unyevu, mwanga au umbali. (Sisemi ile sensa ya Agosti 2022, karani alipopita nyumba kwa nyumba akituhesabu, ingawa ukifikiri sana, nayo ilikuwa namna ya kuhisi.) Sensa yenyewe ni rahisi kupata. Bodi ni rahisi kupata. Programu utaazima kwa mshikaji. Kinachomkondesha kijana ni kile kilichopo katikati: sensa imekuja na mdomo wa namna moja, bodi ina tundu la namna nyingine, na waya wa kuziunganisha haujulikani unaitwaje.

Mtu mwenye haraka atauliza, kwa nini usilehemu waya moja kwa moja kwenye bodi, mambo yakaisha? Ni swali zuri. Kulehemu ni ndoa isiyo na talaka: risasi ikishayeyuka na kuganda, kuwatenganisha hao wawili ni mpaka moto urudi tena. Kiungo ni mkataba wa namna nyingine. Anayeweka kiungo anakiri tangu siku ya kwanza kwamba mmoja kati ya hawa wawili atakufa kabla ya mwenzake, na kwamba atakayebaki asizikwe naye. Sensa ya udongo italiwa na kutu, bodi itakuwa nzima. Chomoa, chomeka nyingine. Mimi naona kuna adabu fulani katika kukiri huko. Lakini chochote kinachoweza kuchomolewa kinaweza pia kuchomoka chenyewe, na penye tundu hapakosi mtu wa kuingiza kisichotakiwa.

Haya, nenda dukani. Sema, "Kaka, nataka JST." Utajibiwa, "Ipo, chukua." Sasa hapo ndo safari inaanza, kwa sababu JST si jina la kiungo chochote. Ni herufi za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Osaka mwaka 1957, ambayo kazi yake ilikuwa vishikio vya waya visivyohitaji kulehemiwa, vya kubanwa tu. Kuomba JST ni kama kuingia gereji ukasema nipe Toyota. Kampuni hiyo ina koo nyingi, na kila ukoo una nafasi yake kati ya pini na pini: SH ni milimita 1.0, GH ni 1.25, ZH ni 1.5, PH ni 2.0, XH ni 2.5. Kwa macho ya kawaida, chini ya taa ya duka, ndugu hawa wanafanana kama kunguru. Tena kuna kiungo kingine cha milimita 1.25 kiitwacho PicoBlade, cha kampuni ya Molex ya Marekani, ambacho huuzwa kila siku kwa jina la "JST 1.25". Si JST, wala hakipatani na GH hata ukikiombea dua.

Hali ni hiyo hiyo kwa zile nyaya za rangi rangi zenye vichwa vyeusi ambazo dunia nzima inaziita "dupont". Viungo vya asili vya aina ile vilitokana na kampuni iitwayo Berg. Ikanunuliwa na DuPont, DuPont baadaye ikaiuza, na leo haina habari na viungo vile. Jina likabaki. Na nyingi kati ya zile tunazonunua kwa fungu ni nakala za nakala, ambazo hazikutengenezwa na Berg wala na DuPont. Tunaita kitu kwa jina la mzazi wa kambo aliyekwisha kuondoka nyumbani.

Je, muuzaji amedanganya? Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alifundisha kwamba mwongo ni yule anayesema kinyume cha kilichomo moyoni mwake kwa nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho muuzaji wetu ni msafi. Yeye amesoma karatasi iliyobandikwa kwenye pakiti. Aliyebandika karatasi naye alikuta wenzake wanaita hivyo. Ukiifuata kamba mpaka mwisho hutampata mwongo hata mmoja, na hata hivyo neno lililofika mkononi mwako si la kweli. Huu ni uongo usio na mwongo, na nadhani ndio wa hatari zaidi, maana huna wa kumkamata shati.

Mfano ulionipendeza kuliko yote ni wa milimita 2.5 na milimita 2.54. Bodi nyingi za kuchezea zina pini zilizopangwa kwa sehemu ya kumi ya inchi, yaani 2.54. Kiungo cha XH ni 2.5 kamili. Tofauti ni milimita 0.04, nyembamba kuliko nywele nyingi za kichwani. Wauzaji wengi huviandika vyote 2.54 na kuendelea na biashara. Chukua chenye pini mbili: kitaingia, hutahisi chochote. Pini tatu: kitaingia. Pini nne: utasukuma kidogo. Chukua sasa chenye pini kumi. Kati ya pini kumi kuna nafasi tisa, na tisa mara 0.04 ni 0.36. Zaidi ya theluthi ya milimita! Hapo pini ya mwisho inapinda, au plastiki inapasuka, au, mbaya kuliko yote, inaingia kwa nguvu na kubaki imejikunja ndani, ikigusa leo na kutogusa kesho.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo. Tunapenda kusema kwamba kosa dogo halina neno. Kumbe udogo wa kosa hautoshi kutuambia lolote mpaka tuulize litarudiwa mara ngapi kabla ya kufika mwisho. Anayejaribu kwa pini mbili anaondoka na ushahidi kamili kwamba yuko sahihi. Ameona kwa macho yake. Imeingia!

Watu wazima watacheka kwamba vijana hawana subira. Lakini ingia nyumba yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi utazame ukutani. Soketi zetu ni za pini tatu, za mtindo wa Uingereza uliowekwa mwaka 1947. Pini ya juu ni ya ardhi, nayo ni ndefu makusudi: inaingia kwanza, inafungua vilango vilivyoziba matundu mawili ya chini yenye umeme, ili mtoto asiingize msumari. Basi mtu ananunua chaja yenye pini mbili za mviringo. Haiingii. Anafanya nini? Anachukua kofia ya kalamu, anachokonoa tundu la juu, vilango vinafunguka, chaja inaingia, simu inajaa. Baba anafanya, mama anafanya, mwalimu anafanya mbele ya darasa. Mtoto anatazama, anajifunza kwamba mlango uliowekwa kwa ajili ya kumlinda yeye unafunguliwa kwa kalamu. Hakuna mtu aliyeua mtu, na sisemi kila chaja italeta msiba. Nasema tu kwamba tangu utotoni tumefundishwa kuuliza "inaingia?" na kuacha kuuliza "ililengwa kuingia?"

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo swali la maadili linapokuwa na meno.

Katika vidude hivi waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi. Nani kasema? Si Mungu, wala si shaba yenyewe, kwa sababu shaba chini ya plastiki haina habari na rangi. Katika nyaya za ukutani za Marekani mweusi ndio wenye moto. Katika nyumba zetu za zamani zilizofungwa kwa desturi ya Kiingereza, mweusi ni ule usio na moto na mwekundu ndio wenyewe. Wakaja kubadilisha, sasa ni kahawia na bluu. Rangi ni makubaliano tu. Mwanafalsafa David Hume, Mskoti, katika kitabu alichokitoa miaka ya 1739 na 1740, alieleza mapatano ya namna hii kwa mfano ambao mtu wa pwani ataupenda: watu wawili wanapiga makasia katika mtumbwi mmoja, wanakwenda sawa, ingawa hawakuwahi kupeana ahadi. Kila mmoja anaona faida, basi wanafuatana.

Ni mfano mzuri, lakini nadhani kwa habari ya viungo hautoshi. Wapiga makasia wanaonana. Mmoja akizembea, mwenzake anajua papo hapo, mtumbwi unapinda. Lakini yule anayepachika waya mwekundu na mweusi katika kiwanda cha mbali hatamwona kamwe kijana wa Tandika atakayeuchomeka. Betri ndogo za lithiamu huuzwa zikiwa na kiungo cha PH cha pini mbili. Kiungo hicho kina umbo la kukizuia kisiingie kinyume. Plastiki inakubali upande mmoja tu. Hata hivyo hakuna sheria inayosema chanya iwe pini ya kushoto au ya kulia. Kampuni hii imechagua hivi, muuzaji yule amechagua vile. Kwa hiyo unaweza kuchomeka betri kwa usahihi kabisa, ukasikia na ule mlio mdogo wa kuingia, na umeme ukaingia kinyume, bodi ikatoa moshi. Umbo lilikuahidi usalama. Lakini umbo lilikuwa linajua habari za plastiki tu.

Ndiyo maana nashawishika kwamba wajibu wa anayepachika ni mkubwa kuliko tunavyodhani, tena mkubwa kwa sababu haonekani. Tukionana, macho yako yananisimamia. Tusipoonana, kilichobaki ni uaminifu mtupu.

Isije ikadhaniwa kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 2017 kampuni ya SparkFun ya Marekani iliamua kwamba sensa zake nyingi ndogo zitumie kiungo kimoja, SH cha pini nne, kwa mpangilio mmoja: ardhi, volti 3.3, data, saa. Nyeusi, nyekundu, bluu, njano. Wakauita mtindo huo Qwiic. Washindani wao Adafruit wangeweza kubuni wao tofauti, kama biashara inavyotaka. Badala yake wakachukua kiungo kile kile na mpangilio ule ule, wakaupa jina lao, STEMMA QT, na sensa ya huyu inaingia kwa yule. Majina mawili, kitu kimoja. Ni kinyume kabisa cha ule msiba wa JST, ambao ni jina moja kwa vitu vingi. Wivu wa jina haukuzuia ukweli wa pini.

Lakini nani mtaani kwetu ananunua vya namna hiyo? Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa fundi maskini. Viungo hivi havilehemiwi, vinabanwa kwa koleo maalumu: mabawa mawili yanakumbatia shaba, mengine mawili yanakumbatia plastiki ya waya ili uzito usiivute shaba. Koleo halisi la kampuni, la ukoo mmoja tu wa viungo, bei yake inaweza kuzidi mradi mzima wa kijana, pamoja na simu yake. Basi anabana kwa koleo la kawaida, au kwa meno. Wengine huongeza tone la risasi wakidhani wanaimarisha, kumbe risasi inapanda ndani ya nyuzi za shaba, waya unakuwa mkavu kama kijiti, na ukitikiswa unakatikia pale pale risasi ilipoishia. Kwa macho, waya ule ni mzuri kuliko uliobanwa vizuri.

Mtaani kwetu yupo mama mmoja, muuza vifaranga. Kijana fulani alimtengenezea sanduku la kutotolea mayai. Kazi ilikuwa safi, mwanzoni. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku ishirini na moja, na sanduku lilikuwa na balbu ya kutia joto, sensa ya aina ya DS18B20, na mota ndogo ya kugeuza mayai. Sensa ilifika kwenye bodi kwa zile nyaya za "dupont", ambazo hazina kufuli. Zinashikilia kwa kubana tu. Mota ikageuza mayai, sanduku likatikisika. Mota ikageuza tena. Siku ya kumi na nne usiku, waya mmoja ukalegea.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana mimi nilipoelezwa nilikaa kimya muda mrefu. Sensa ile ina uwezo wa kupima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu. Lakini programu mashuhuri inayotumika kuisoma, isipoipata sensa, inarudisha namba 127 chini ya sifuri. Ni namba ambayo sensa yenyewe haiwezi kuitamka; waandishi wa programu waliichagua makusudi iwe na maana ya "hayupo". Kijana alikuwa ameandika amri moja nyepesi: joto likiwa chini ya 37.5, washa balbu. Sensa ikanyamaza. Bodi ikasoma 127 chini ya sifuri. Ni chini ya 37.5? Ndiyo. Washa balbu. Soma tena. Washa balbu. Usiku kucha balbu iliwaka kulipasha moto sanduku ambalo kwa hesabu ya bodi lilikuwa na baridi isiyopatikana popote duniani. Asubuhi mama alifungua akakuta mayai ya kuchemsha.

Ukimya ulipokewa kama neno. Nani mkosaji? Waya haukusema uongo, uliacha tu kusema. Programu ilisema "hayupo" kwa lugha yake. Amri ya kijana ilikuwa sahihi kwa kila joto lililopo duniani. Muuzaji aliuza alichoombwa. Watu wa mtaani waligawanyika. Wengine walisema fundi alipe. Wengine wakasema mama angelala na sanduku lake. Mshikaji mmoja mjuaji akasema kila mtumiaji ana wajibu wa kupima mwenyewe, na hapo nilimkatalia mbele ya watu. Mama yule alinunua sanduku ili asilazimike kujua habari za pini. Hiyo ndiyo maana ya kumpa mtu kitu kilichokamilika: umemwambia, mzigo wa kujua nimeubeba mimi. Kama hukuubeba, sema.

Kubangaiza si dhambi. Nchi hii imejengwa na wabangaizaji, na nusu ya redio zilizolia katika sebule za wazazi wetu zililia kwa waya wa kuazima. Dhambi, kama ipo, iko katika kuficha. Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye waya, imeandikwa kwa kalamu ya wino "hii haina kufuli, usitikise" au "nyekundu hapa ni hasi, angalia", ingegharimu nini? Fundi anaona aibu kuiandika kwa sababu inafichua umaskini wa kazi. Anataka kazi yake ionekane imetoka kiwandani. Nasi tunaojifunza kuandika tuna aibu hiyo hiyo. Fungua hadithi nyingi tunazozileta katika kurasa hizi utazame viunganishi: "kwa hiyo" imechomekwa kati ya sentensi mbili ambazo ya kwanza haikuizaa ya pili, "lakini" mahali pasipo na ubishi wowote. Sarufi inakubali. Imeingia. Umeme haupiti, na msomaji anabaki na balbu inayowaka usiku kucha bila sababu.

Kijana alirudi kwa mama, tena kwa hiari yake. Alikuja na viungo vyenye kufuli, akavibana kwa koleo la kuazima, akavuta kila waya mbele yake. Akabadilisha amri: namba 127 chini ya sifuri ikataliwe, na namba 85 nayo itiliwe shaka, maana sensa ile ikiamka husema 85 kabla haijapima chochote. Hapo wakakwama kwa jambo ambalo hakuna kiungo kinachoweza kulitatua. Sensa ikinyamaza, balbu ifanye nini? Ikizimika, mayai yatapoa. Ikiwaka, yataiva. Kijana alisema achague mama, kwa kuwa mayai ni yake. Mama akasema achague kijana, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Walibishana kizingitini mpaka adhana ya magharibi. Mwishowe mama akauliza swali la mfugaji: kuku akitoka kwenye mayai kwenda kunywa maji, mayai hufa? Hayafi, hupoa kidogo, kuku akarudi. Basi, akasema, izimike, halafu weka kengele, tena iwe kali, mimi nalala upande wa pili.